Kiti cha Namba Kumi na Nne

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, mtu aliyeninyima namba kwenye timu alikuwa marehemu.

Sitanii. Huyu marehemu alikuwa na kiti chake kwenye benchi, pembeni yangu kabisa, na jezi yake ilifuliwa kila wiki pamoja na zetu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikidandia katikati mtasema natunga.

Timu yetu ya wanawake ilikuwa tishio. Vyuo vingine vikipangwa na sisi vilikuja uwanjani vimeshanywea. Kuna wasichana waliomba kusoma pale bila hata kujua wanataka kusomea nini, ilimradi wafundishwe mpira na kocha wetu.

Kocha mwenyewe tulimwita Mama Kikombe. Kabati la ofisini kwake lilikuwa limejaa vikombe mpaka kimoja akakifanya kizuizi cha mlango usijifunge. Alikuwa mwanamke mfupi, hana makelele, ila jicho analo. Anakutazama unavyoshuka kwenye basi, anakwambia goti la kushoto linakusumbua tangu jana. Na kweli linasumbua.

Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba, beki wa pembeni. Wenzangu walinibatiza jina la Sugu, kwa jinsi nilivyosugua benchi.

Sasa basi. Mama Kikombe alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa kocha mwingine yeyote. Nafasi ya mwisho ya kubadilisha mchezaji hakuitumia.

Yaani akishaingiza watu akabakiwa na nafasi moja, amemaliza. Timu ichoke, timu ifungwe, mtu achechemee, ile moja haiguswi. Ukimuuliza anakujibu kwa upole tu kwamba ina mwenyewe.

Mwenyewe ni Namba Kumi na Nne.

Jezi yake ilikuwa ya zamani, rangi imepauka, na kila mechi Kocha aliitandika kwa mikono yake kwenye kiti cha mwisho cha benchi. Hakuna aliyekaa pale. Mazoezini akiita namba zetu, aliita kumi na tatu, akaita kumi na nne, akanyamaza kama anayesubiri mtu aitike, kisha akaendelea. Muda ule sote tulikuwa tunatazama njumu zetu.

Dada waliotutangulia walitusimulia kwamba huyo aliitwa Waya, kwa wembamba na mbio zake. Alikuwa winga. Siku ambayo chuo kilichukua kikombe cha kwanza, yeye alianguka, na ndiyo ikawa mwisho wake. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua lolote. Mashabiki wa timu pinzani walisema ni ndumba tu, kwamba pale tumefuga kitu.

Nilikuwa nacheka zamani. Niliacha kucheka nilipopangiwa kiti cha jirani.

Kuna siku jua linawaka, watu wanajipepea, lakini bega langu la upande ule lina baridi. Kuna siku nasikia pumzi kabisa, zile pumzi za mtu aliyetoka kukimbia, nikigeuka ni jezi tu. Wenzangu walikuwa wakipita pale wanainamisha kichwa, "Shikamoo dada." Walianza kama utani, lakini baadaye sikumwona hata mmoja anayetabasamu.

Mimi nikafika mahali nikawa naongea nacho kile kiti. "Dada, leo niachie. Dakika chache tu."

Baba yangu ni fundi magari. Kila mwisho wa wiki alipiga simu, na swali lake lilikuwa moja tu, kama nimecheza. Namjibu bado. Ananiambia mvumilivu hula mbivu. Moyoni nasema baba, mbivu zenyewe zimeshaoza.

Kwenye nusu fainali nilipasha misuli karibu kipindi kizima. Kiungo wetu alibanwa na misuli, akawa anacheza kwa mguu mmoja. Nafasi ilikuwepo. Kocha hakunitazama hata mara moja.

Nilipandwa na hasira. Nikatoa simu, nikapiga picha kile kiti na jezi yake, nikaiweka mtandaoni na maneno haya: huyu ndiye ninayegombea naye namba, amekufa na bado ananizidi.

Ikasambaa mpaka nikaanza kuogopa kushika simu yangu mwenyewe. Kesho yake nikaitwa ofisini.

Nilijua kimeumana. Nikaingia nimejiandaa kurudisha jezi. Kocha akanionyesha kiti, akasogeza kile kikombe kwa mguu, mlango ukajifunga. Halafu badala ya kunifokea, akanisimulia.

Siku ya fainali ile alikuwa amemaliza nafasi zake zote. Ya mwisho aliichezea tu, alimtoa mchezaji mzima ili kupoteza muda. Baada ya hapo Waya akagongana vichwa na beki wa watu. Akainuka. Akawa anatembea upande upande. Kocha hakutaka kubaki na watu kumi, akampigia kelele asimame pembeni ya uwanja, asikimbie, asimame tu mpaka filimbi ilie. Waya akasimama kama alivyoambiwa. Filimbi ikalia, kikombe kikaletwa, na yeye akaanguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Mama yake Waya alikuwepo. Alimwambia Kocha mbele ya watu kwamba hataki kumwona tena maishani mwake.

"Asubuhi nilikwenda hospitali," Kocha akasema. "Nikakuta kitanda kitupu. Godoro limekunjwa. Nikageuka."

Nikamuuliza, "Waliokuwepo pale walisemaje?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza mtu yeyote?"

"Mwanangu, ningeuliza nini?"

Kuanzia siku hiyo aliapa hatabaki tena bila nafasi ya kubadilisha. Iwepo moja, kwa ajili ya msichana atakayeumia. Lakini miaka ilivyokwenda, kila alipotaka kuitumia alimwona Waya amesimama pembeni, anamsubiri. Ikawa si akiba tena. Ikawa yake.

Sikufukuzwa. Niliambiwa nifute picha, nikafuta. Ila nilitoka mle ofisini nikiwa na hofu mpya, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kwamba Kocha haigizi. Yeye anamwona kweli.

Fainali ikafika. Ilikuwa mechi yangu ya mwisho, baada ya hapo ni mitihani na kwaheri. Baba alikuja. Nilimwona jukwaani na kofia yake ya gereji, amekaa na watu asiowajua, anawaonyesha benchi kwa kidole. Nisipocheza leo, nilikuwa naondoka chuoni bila kukanyaga nyasi hata mara moja, na yeye ameshuhudia.

Kipindi cha pili tulikuwa sare. Kocha alikuwa amebakiwa na ile moja.

Beki wetu wa pembeni alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza, tulimwita Kitinda kwa sababu ndiye mdogo kuliko wote. Akaruka kupiga mpira wa kichwa, na mwenzake naye akaruka. Mlio ule tuliusikia mpaka benchi.

Kitinda akainuka. Akapiga hatua, akapepesuka, akacheka kidogo, akarudi kwenye nafasi yake.

Daktari wa timu alitoka na mkoba wake mbio mpaka kwa Kocha. Alimwambia yule mtoto atoke sasa hivi. Kocha akatikisa kichwa, akasema asimame tu pale pembeni, apumzike, asikimbie.

Jamani! Maneno yalikuwa yale yale.

Ni wakati huo huo mtu alikuja nyuma ya benchi. Mwanamke mnene kiasi, amefunga kitambaa kichwani, anatembelea fimbo na mguu mmoja anaukokota. Mlinzi wa geti alimpisha, nadhani alimdhania ni mgeni wa heshima. Akaja mpaka pembeni yangu.

"Hapa pana mtu?" akauliza. Alitamka polepole, neno moja moja.

"Ndiyo, dada. Pana mwenyewe."

"Najua," akasema.

Akaichukua ile jezi, akaiweka mapajani, akakaa.

Wenzangu wote walikuwa wanatazama uwanjani. Nikamtazama yule mwanamke, naye hana habari na mimi, macho yake yako kwa Kitinda, ambaye alikuwa ameshika kiuno, akitembea upande upande kando ya mstari.

Akasema kwa sauti, "Mtoe yule. Ndivyo nilivyokuwa natembea mimi."

Kocha hakugeuka. Alikuwa hatua chache mbele yetu, ametugeuzia mgongo. Nikamsikia anajibu huku bado anatazama mchezo.

"Najua, Waya. Najua. Nisamehe."

Wee. Hapo ndipo nilipojua kwamba Kocha huisikia sauti ile kila mechi, na kwamba huijibu. Miaka yote tulipomwona ananong'ona pale mstarini, tulidhani ni mipango ya mchezo.

Waya akainuka. Alitumia muda, fimbo kwanza, halafu mguu mzima, halafu ule mwingine. Akaenda mpaka kwa Kocha akamwekea mkono begani.

Kocha akaupapasa ule mkono. Akaupapasa tena, kidole kwa kidole, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kisha akageuka.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa vile, na sitaki kuuona tena.

"Nilikuja hospitali," Kocha akasema. "Godoro lilikuwa limekunjwa."

"Nilihamishwa. Nilipelekwa hospitali kubwa." Waya alikuwa anatafuta maneno, anayapata. "Kuongea nimejifunza upya. Kutembea pia. Mama alikataa mtu yeyote wa mpira. Mimi nilijua wewe ndiye hutaki kuniona. Picha ya huyu binti ndiyo iliyonionyesha kuwa huku mimi ni maiti."

Kocha akakitazama kile kiti.

"Kiti umenipa, Kocha," Waya akasema. "Salamu hukunipa."

Halafu akaelekeza fimbo uwanjani. Kitinda alikuwa amechuchumaa.

Kocha aligeuka kwangu. Aliniita jina langu, akaniambia niingie.

Nikaingia. Kitinda alitolewa kwa machela, akapelekwa hospitali moja kwa moja. Daktari wa timu alituambia baadaye kwamba angeendelea kusimama pale mpaka filimbi ya mwisho, leo tungekuwa tunaongea mengine. Alilazwa, akapona. Mpira aliacha, na hakuna aliyemlaumu.

Na mimi je? Mnataka niwaambie nilifunga goli la ushindi?

Tulifungwa. Na goli lilipitia kwangu. Winga wao alinipita kama hanioni, krosi ikaingia, kwisha habari. Nikageuka benchi nikijua nakwenda kuliwa mzima mzima.

Kocha hakuliona lile goli. Alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, miguuni pa Waya, ameupa uwanja mgongo, anamsikiliza. Waya alikuwa anaongea kwa shida na yeye hamkatizi. Jukwaani, baba alikuwa amesimama anapiga makofi, maana mpira haujui vizuri, yeye aliona tu mwanawe yuko uwanjani.

Kocha hakusubiri medali. Alimkabidhi nahodha timu, akaondoka na Waya kwenda kwao, kumwangukia mama.

Waya ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, siku hizi tunaongea. Mama alichungulia dirishani, akaona ni nani, akarudi jikoni. Kocha alisimama nje mpaka jua likazama. Wiki iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Waya alimbembeleza mama yake amfungulie, akamwambia mimi mwenyewe nimesamehe. Mama akamjibu, "Wewe umesamehe yako. Mimi ndiye niliyekulisha kwa kijiko."

Hapo kweli, utamwambia nini?

Mimi sina la kuwafundisha kuhusu mpira, mmeshaona nilivyopitwa. Ila kama kuna mtu ulimuumiza na hujui aliishia wapi, usimtengenezee kumbukumbu. Kaulize. Ukikuta kaburi, utalia, na watakuwepo wa kulia nawe. Ukikuta mzima, utatukanwa. Mama Kikombe alikimbia swali moja la wodini, na kwa miaka yote ile mtu alikuwa hai, anajifunza kushika kijiko, anajiuliza mbona kocha wangu haji.

Juzi Waya amenipigia. Kocha bado anakwenda, na mlango bado haujafunguliwa. Lakini safari hii mama alitoka na kikombe cha maji, akakiweka kizingitini bila kusema neno, akarudi ndani, na Kocha akayanywa yote akiwa amesimama, huku analia.