Wimbo wa Binti Anayeaga

Siku yangu ya kwanza kazini, Kiongozi wa Bendi hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kipaza sauti, akawasha redio, akasema, "Sikiliza, halafu imba hivyohivyo. Hapa tunapiga kopi. Mteja akifumba macho, amsikie aliyerekodi."

Kopi ni wimbo wa mwenzako unaoupiga kama ulivyo. Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikazeeka, kwanza kwenye baa karibu na stendi ya Morogoro, baadaye hoteli moja ya mjini, na kila Jumamosi harusi na sendofu, zile sherehe za kumuaga binti anayeolewa, kuanzia Kingolwira hadi huko milimani.

Ukaja wimbo wa kijana mmoja wa Dar, kuhusu binti anayeaga kwao. Kila sendofu walitaka huo. Ulikuwa wa haraka, ngoma juu, nasi tuliupiga hivyo mpaka siku tulipopanda Mgeta kwenye sendofu moja. Nilipomaliza, bibi wa binti aliyekuwa anaagwa akaniita mezani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hivi mwanangu, huyo unayemwimba anaaga au anakimbizwa?"

Watu wakacheka, lakini bibi hakuwa anatania. Nikamwomba mpiga rizimu, yaani gitaa linaloshika mwendo wa wimbo, abaki peke yake, aende taratibu. Nikauimba upya.

Njiani kurudi, Kiongozi alisema, "Umeharibu kopi." Wiki iliyofuata, kwenye sendofu ya Mlali, watu wakaomba "ule wa Mgeta." Kiongozi hakulizungumza tena jambo hilo.

Baadaye mwenye wimbo alikuja Morogoro kufanya onyesho, akafikia hotelini kwetu. Kiongozi akaninong'oneza, "Mwenyewe yule pale. Imba kama yeye." Nikaimba taratibu, maana nilishazoea. Kijana akanifuata jukwaani.

"Shikamoo, mama. Huu wimbo wangu ni kama nausikia leo. Naomba urudie."

Nikarudia, akanirekodi kwenye simu yake. Usiku huo nilimsimulia mume wangu mpaka akasinzia.

Miezi michache ikapita, redio zikaanza kupiga toleo jipya la kijana yule: gitaa moja, taratibu, hata pale ninapovuta pumzi kabla ya kiitikio. Sikutajwa popote. Kiongozi alikasirika kuliko mimi.

"Mtafute huyo kijana umwambie."

"Wimbo ni wake," nikamjibu. Lakini kwa muda sikutaka hata kuusikia.

Kisha tukaalikwa sendofu Kingolwira. Mshereheshaji akatangaza kwamba mama huyu anamwiga yule kijana wa Dar vizuri ajabu. Makofi yakapigwa. Ilinichoma, ila kazi ni kazi. Nikampa ishara mpiga rizimu aanze.

Sasa nimestaafu, koo limechoka. Vijana wakiniuliza kama kupiga kopi ni kazi ya maana, huwasimulia jioni ile ya Kingolwira. Kwenye kiitikio, binti aliinuka kitini akamwendea mama yake, wakakumbatiana wakilia, na mashangazi wakasimama nyuma yao. Hakuna pale aliyetaka kujua wimbo umetoka kwa nani. Nami, mpaka gitaa liliponyamaza, nilikuwa nimesahau kwamba ninamwiga mtu.