Maoni Yangu, Kama Alivyoyatoa Baba

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu alipokuja kwetu Ruashi, karibu na mgodi, kukusanya maoni yangu. Alikuwa dada mpole mwenye miwani na rundo la karatasi. Kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu watoto: wanafikiri nini, na nafasi yao nyumbani ni ipi. Yangu ilijulikana papo hapo. Mama aliniambia nimpishe mgeni kiti, nikahojiwa nimesimama.

"Uko na miaka ngapi?" dada aliniuliza.

"Kumi na moja," akajibu baba.

"Papa, naomba mutoto mwenyewe ajibu."

"Lakini iko anajibu," baba akasema, akiuonyesha mdomo wangu uliofungwa.

Dada akaomba tuzungumze sisi wawili tu. Baba alimtazama kwa huruma. "Mutoto wa hivi iko na siri gani?" Akasogeza kiti chake karibu zaidi.

Siku hiyo nilijifunza mengi kunihusu. Kumbe nilipenda mahesabu. Kumbe ndoto yangu ilikuwa uinjinia mgodini, huko ambako baba mwenyewe aliomba kazi mara tatu wakamnyima. Kumbe kazi za nyumbani hazikunichosha kabisa. Hilo lilisemwa nikiwa uani, maana mama alikuwa amenituma kumwogesha mdogo wangu. Niliporudi, nilikuwa nimeshajibu maswali manne.

La mwisho lilikuwa hili: je, watoto wanasikilizwa humu?

"Sana!" baba akasema.

Nikafungua mdomo.

"Nyamaza, bakubwa beko banasema."

Dada akainama, akaandika. Nilichungulia. Aliandika "sana".

Nikatumwa kumsindikiza hadi barabarani. Malori ya mgodi yalikuwa yakipita, ikabidi nipaze sauti dada anisikie. "Tantine, sipendi mahesabu. Minapenda kuchora. Na kubeba mutoto mugongoni siku yote kunanichokesha!"

Alisimama. Akaziangalia karatasi zake, kisha mimi, na nadhani aliona aibu kidogo.

"Oo, sheri, mupenzi wangu," akasema. "Fomu nimeshaijaza na kalamu ya wino."

Akanipapasa shavu, akapanda teksi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Nikachukua kipande cha mkaa, nikamchora baba ukutani, ukuta ambao ulikuwa haujapigwa lipu bado, nikampa midomo miwili, wake na wangu. Nilichapwa, lakini mchoro ule ulifanana naye sana. Hata mama aligeuka pembeni kucheka.

Miezi ilipita. Dada alipokwenda kuitetea kazi yake mbele ya maprofesa, aliwaalika wazazi wangu. Baba akavaa suti, mama akavaa vitenge vipya. Mimi nikaachwa na mdogo wangu mgongoni.

Walirudi jioni wamefurahi. Profesa aliitaja familia yetu kama mfano mzuri wa kusikiliza watoto, na baba akaombwa aseme machache juu ya watoto. Alisema mengi.

"Juu yangu walisema nini, papa?"

"Ile ni mambo ya bakubwa," akajibu, akivua viatu. "Wende uniletee maji."

Nikaenda kuyaleta.