Vyumba Sita na Mama Mkwe wa Mpangaji

Haipiti wiki bila mtu kuja barazani kwangu kuniuliza namna ya kuanza nyumba ya kupangisha. Wengi wamesoma kuliko mimi. Mimi shule ya misheni niliiacha darasa la pili. Wao wana kalamu mfukoni, ila kiwanja hawana. Wananiuliza, mzee, bati au nyasi? Chokaa au udongo mweupe? Nawatazama tu. Hajaja hata mmoja akaniuliza mlango uelekee wapi, na mlango ndio uliotaka kuninyima mke.

Nilikuwa na ng'ombe wanne alionipa baba kwa ajili ya mahari. Mchumba alikuwa Isongole, wazazi wake wameshakubali. Nikawauza wote wanne. Nilikuwa nimeona malori ya watu waendao migodini, ng'ambo ya mpaka, yanavyosimama Tunduma, na makarani na mafundi wanavyohangaika kutafuta pa kukaa. Wenzangu waliyaona malori hayohayo. Wao walikuwa wakiyapungia mikono.

"Umeuza mke," baba akaniambia.

"Nimenunua nyumba, baba."

"Haya. Ikupikie."

Baba wa mchumba hakupiga kelele. Alinipa mavuno mawili. "Ya pili yakipita sijaona ng'ombe," akasema, "binti yangu hatazeeka akingoja matofali yako."

Kosa langu, na nakubali hilo moja tu, ni kumsikiliza fundi wa kutoka pwani. Alivaa kanzu hata kwenye tope. Aliniambia nyumba ya kistaarabu ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, mlango mmoja mbele, mwingine nyuma wa kwendea choo na jiko. "Ninyi wa bara mmezoea kujenga mazizi," akasema. Nikaona aibu, nikamwachia ajenge anavyotaka. Mwenye nyumba anayemwonea aibu fundi wake afadhali akalime ulezi.

Ilijaa mara moja. Chumba cha kwanza alichukua karani wa pale mpakani, mtu wa Mbozi, mwenye tai na viatu vya kulia kwii kwii. Cha mkabala wake, ng'ambo ya ukumbi, alichukua fundi cherehani. Miezi miwili nilitembea Tunduma kifua mbele.

Ndipo mke wa karani akajifungua, na mama yake akaja kutoka Ruanda, kulekule Mbozi, kumlea. Mama yule akatandika mkeka ukumbini, mlangoni pa binti yake, akaanza kuchambua maharage. Angekaa wapi tena? Basi, kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Akimwona njiani huingia majanini mpaka apite. Karani amesoma, anaandika Kiingereza, lakini hilo hakuna shule iliyomtoa. Na kazini anatakiwa asubuhi.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nikasikia naitwa dirishani kwa sauti ya chini. "Bwana mwenye nyumba! Mama ameondoka?"

"Yupo. Anachambua maharage."

"Yamebaki mengi?"

"Debe zima."

Kisha nikaona kiatu kinatoka dirishani, halafu mguu, halafu tai. Suruali ikanasa kwenye msumari ikachanika. Fundi cherehani alicheka mpaka akashika ukuta. "Karani wa serikali anatoka kama paka aliyeiba nyama! Lete suruali hiyo, shemeji, nitakushonea na ngazi!"

Hakucheka muda mrefu. Mwezi haukuisha, mama mkwe wake naye akaja kutibiwa, akakaribishwa palepale mkekani. Sasa wanaume wawili walikuwa wanapita dirishani. Walihama wote wawili, na wengine wakafuata kabla wakwe zao hawajafika. Walikwenda wapi? Kwenye vibanda vya nyasi vya mzee mmoja mlevi, vinavyovuja, lakini kila kimoja kina mlango wake na uwanja wa mama mkwe kukaa kando. Waliacha chokaa yangu wakaenda kunyeshewa. Vyumba vitano vikawa vitupu, mavuno ya kwanza yameshapita, na Isongole wanahesabu miezi.

Fundi wa pwani nilimwuliza tufanye nini. "Subiri wastaarabike," akasema. Nilimwonyesha barabara.

Nilishika mtaimbo mwenyewe. Kila dirisha nililibomoa kushuka chini likawa mlango. Milango sita inayotazama nje, mitatu mashariki, mitatu magharibi. Ukumbi niliuziba kwa matofali nikaukata vipande, kila chumba kikapata stoo ya mahindi. Nikachimba choo cha pili, upande wa pili, chenye njia yake. Watu walisimama kutazama. Waliuliza kama nafuga njiwa. Nami niliwauliza wao wanafuga nini, maana sikuona.

Karani alipita akirudi kazini, akasimama, akazunguka nyumba yote bila salamu.

"Na choo?" akauliza.

"Viwili. Mama anakwenda huku, wewe unakwenda kule."

Jua halijazama alikuwa ameshaleta kitanda. Fundi cherehani alikuja kesho yake, nikampandishia kodi kwa kicheko chake. Akalipa. Wiki mbili baadaye sikuwa na chumba, nikawa nafukuza watu.

Kwa hiyo ninyi mnaokuja na kamba zenu za kupimia, sikieni. Msimwulize mpangaji anapenda nini, atawaambia anapenda kioo na sakafu ya saruji. Mwulizeni nani atakuja kumtembelea. Mkishajua hilo, ndipo mchimbe msingi. Wengi wenu hamtauliza. Mtajenga nyumba ya kupigwa picha.

Mavuno ya pili niliswaga ng'ombe watano wa fedha ya kodi milima ya Ileje. Waliotakiwa ni wanne. Baba alikuwa nyuma yangu na fimbo. Tulipoanza kuteremka Isongole akaniuliza, "Huyu wa tano ni wa nini?"

"Wa kutazamwa, baba."

"Una majivuno."

"Ninayo," nikasema, nikamswaga yule wa tano apite mbele ya wenzake, ili aingie wa kwanza uani kwa wakwe.