Mama Aliteleza, Sisi Tukasema Presha

Mama aliteleza. Neno lenyewe ndilo hilo, na mhudumu wa makao ya wazee alinitamkia vizuri kwenye simu: mama ameteleza bafuni, ameangukia ubavu, analalamika nyonga, yeye anampeleka hospitali, tumkute huko. Mimi kazi yangu ni kupima korosho ghalani, lakini msimu ulikuwa umeisha na siku hiyo tulikuwa tunafagia tu, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kelele. Nilisikia kila kitu. Nikampigia kaka yangu, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka Nanyamba kuja mjini, nikamwambia, "Mama ameanguka."

Kwetu ukisema mtu mzima ameanguka, ukaishia hapo, hakuna anayefikiria sakafu. Watu wanafikiria presha. Kaka naye akafikiria presha, na mimi sikumrekebisha, kwa sababu presha ilitufaa. Presha humpata mtu popote alipo. Kuteleza kunataka sakafu, na sakafu ina mwenyewe.

Niseme tulichokuwa tunakificha. Mama alikuwa akikaa peke yake mtaa wa Magomeni, hapahapa mjini kwetu, mimi nikitoka kazini napitia kumpikia na kumfulia kabla sijarudi kwangu Rahaleo. Msimu ulipoanza kaka akazama shambani, mimi nikawa natoka ghalani nimechoka hata kusema siwezi. Tukampeleka makao ya wazee, nje kidogo ya mji. Tulimwambia ni kwa msimu tu. Majirani tukawaambia amekwenda Mikindani kusalimia kwa mdogo wake, na mama mdogo tukamwomba asituumbue. Akakubali shingo upande. Maana watu wenye ndugu kila mtaa hawapeleki mzazi makao. Makao ni ya wasio na mtu.

Msimu ukaisha, korosho zikaondoka, mama akabaki kulekule. Kila nilipokwenda kumtazama nilikuta amefunga nguo zake kwenye kitenge, kifurushi kiko miguuni pa kitanda. Kila nilipoaga kilibaki palepale. Hakuwahi kuniuliza msimu unaisha lini, na mimi nikajifanya sikioni kifurushi.

Hospitalini mhudumu alifika naye kwa bajaji, na kile kifurushi amekishika. Kaka alimshukuru sana, akamwambia arudi tu kazini, tutaendelea sisi. Ilionekana ni huruma. Ukweli ni kwamba mhudumu alikuwa amevaa sare ya makao, na kwenye benchi, amempakata mjukuu wake mwenye homa, alikuwa amekaa jirani yetu wa Magomeni.

Tulipoitwa, mlango wa daktari ulibaki wazi. Aliuliza bibi ana tatizo gani. Kaka akajibu kwa sauti ya kufika hadi kwenye benchi: "Presha, daktari. Alikuwa Mikindani kwa mdogo wake, presha ikampanda akaanguka."

Mama alimtazama kaka, kisha akanitazama mimi. Daktari akamuuliza mwenyewe anaumwa wapi, akasema mguu. Kaka akadakia kwamba miguu ni ya siku nyingi, ni uzee. Walimpima, na kweli presha ilikuwa juu. Nani presha isimpande na mfupa umevunjika? Tukapewa vidonge, tukaambiwa apumzike.

Nikampeleka kwangu. Vidonge nilimpa bila kukosea, hilo najisifu. Akiguna nikimgeuza, nilimwambia ajikaze. Jamani, nilimwambia mama yangu ajikaze. Kisha asubuhi moja nikimwogesha nikaona unyayo wa mguu wa kulia umelala kwa nje, na mguu wenyewe umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nimewatolea watu wengi, wengine misibani kabisa, kwa uso mkavu.

Tuliporudi hospitali nilimweleza daktari yote, makao, bafu, ubavu. Picha ikaonyesha nyonga imevunjika. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa kwa nini hamkusema aliteleza?" Ningemwambia nini? Kwamba jirani alikuwa kwenye benchi?

Kaka alipopata habari za nyonga akawaka. Alitaka twende makao tukaulize kwa nini bafu lilikuwa na maji, nani alikuwa zamu, kwa nini mtu wa umri ule aliachwa aingie peke yake. Yalikuwa maswali ya haki na yalikuwa na watu wa kuyajibu. Lakini nilimuuliza tutayapeleka kwa mdomo gani, wakati mdomo huohuo ulishasema mama alikuwa Mikindani na alianguka kwa presha. Akakaa chini. Hatukwenda mpaka leo, na wazee wengine wanaendelea kuoga mle.

Siku hizi nikisikia mzee wa mtu ameanguka nakuwa mkorofi. Wenzangu wanatoa pole, mimi nauliza: ameangukaje? Ameangukia wapi? Nani alikuwapo? Muulizeni aliyeona, muulizeni na mzee mwenyewe, na mkimuuliza mwacheni amalize. Hayohayo mkayaseme kwa daktari, na aliyeona aende nanyi, hata kama amevaa sare. Mkishamaliza hapo ndipo mkawaulize wenye nyumba. Wanaona nina maneno mengi. Hawajui nimeyatoa wapi, kwa sababu nao sijawaambia.

Mama alifanyiwa upasuaji, lakini walisema tumechelewa kidogo. Hatembei bila kushikwa. Anakaa kwangu, na kile kifurushi amekifungua mwenyewe, nguo ameniambia nizipange kabatini.

Juzi jirani wa Magomeni alikuja kumjulia hali. Nilikuwa mlangoni na trei ya vikombe aliposema, "Shoga yangu, hivi ilikuwaje? Nilisikia presha, sasa naambiwa nyonga."

Nilisimama. Nilijisemea, akisema sasa, basi yaishe.

"Niliteleza bafuni kwa mdogo wangu," mama akasema. "Bafu lake lina maji."

Jirani akatikisa kichwa, akamsema mama mdogo, kwamba mtu unaletewa dada yako mzima unamrudisha hivi. Mama hakumtetea mdogo wake. Alinyoosha kanga juu ya miguu. Jirani akashika mkono wake, akasema, "Lakini wewe Mungu kakupa watoto. Wenzetu wengine wanatupwa makao ya wazee kama hawakuzaa."

"Wanangu hawawezi," mama akasema. Kisha akageukia mlangoni, bila kunitazama usoni. "Mwanangu, mpe jirani chai, inapoa."

Nikaingia, nikampa chai.