Alama ya Kumi

Niliondoka Ruangwa kwenda Mnero, kwa wakwe zangu, kwa sababu ya neno moja lililotangulia kufika, tena likafika limepinda. Binti yangu Zuhura, wa miaka saba, yuko Dar es Salaam na mama yake, amelazwa kwa saratani ya damu, ile inayokuja kwa kasi. Daktari alitueleza kwamba chembe za ugonjwa huo zina alama kwenye ngozi ya kila chembe, kila alama ina namba, na ukizisoma unajua ni aina gani na kama itasikia dawa. Majibu yakatoka: alama ya kumi ipo.

"Ni dalili nzuri," daktari aliniambia kwenye simu.

Nikambembeleza aongeze kidogo, kama ninavyowabembeleza wakulima wa ufuta. Akagoma. "Dalili nzuri, mzee. Ahadi sina."

Nikampigia shemeji yangu Hamisi amweleze mama mkwe. Kesho yake mke wangu akanipigia analia. Mama ameamua Hamisi aende Dar kumchukua mtoto. Eti kama amepata alama kumi tu, basi amefeli, arudi akapumzike kwao. Nikamtafuta Hamisi, simu imezimwa.

Asubuhi, stendi ya Ruangwa, nilihesabu abiria wa gari la Nachingwea mara mbili. Ni mazoea, ila zamani hesabu ya pili haikuwa yangu. Tukipokea magunia ya ufuta nilihesabu mimi, kisha Zuhura alipita akigusa kila gunia kwa kidole. Siku zote alipata moja zaidi au moja pungufu, tukabishana mpaka wapagazi wakacheka. Sasa nahesabu peke yangu mara zote mbili, na hesabu zinakubaliana. Ndiyo ubaya wake.

Nachingwea nilichukua bodaboda. Kijana akauliza, "Mzee, kule kuna msiba? Nimepeleka kina mama wawili leo."

"Hakuna."

"Sasa mbona unaharakisha?"

"Nawahi usiwepo."

Mnero, kabla ya adhuhuri, majamvi yalikuwa yametandikwa. Hamisi alikuwa anafunga begi.

"Shemeji, nani kakwambia ni kumi kwa mia?"

"Kwani alama huwa kwa ngapi?" Hakuwa anatania. "Wewe ulisema kumi. Mimi shuleni nilipata kumi, nikarudishwa nyumbani."

Mama mkwe alikuwa ndani. Kwetu mtu na mkwewe hawakai wakatazamana, kwa hiyo nilisema na Hamisi, naye akasema na mlango, kwa Kimwera. Nilieleza kwa ufupi, yeye akaeleza kwa urefu, nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Mlango ukajibu.

"Anauliza," Hamisi akasema, "hizo kumi haziwezi kupandishwa?"

Nikachoka. Nikasema kwa sauti, Hamisi nikamruka: "Mama, si alama za mtihani. Ni kama nembo."

Mlango ukafunguka, akatoka. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuutazama uso ule sawasawa. Chale zilishuka mashavuni, zimefifia kwa uzee.

"Hii inasema nini?" akauliza kwa Kiswahili, akijigusa.

"Kwamba wewe ni Mmwera."

"Inasema nitakufa lini?"

"Haisemi."

"Basi yake inasema nini?"

"Kwamba ugonjwa wake ni wa ukoo ambao mara nyingi unasikia dawa. Zipo koo zisizosikia."

"Muda gani?"

"Dawa ni za miaka, mama. Akitolewa sasa, hiyo alama haina kazi."

"Na mna hakika?"

Ningeweza kumuuzia hakika. Nimeuza vibaya zaidi ya hivyo. "Hatuna," nikasema.

Alinitazama, kisha akainama, akakumbuka kwamba mimi ni mkwe. Aliongea na begi. "Hamisi, safari ipo. Ila humchukui. Mpelekee kanga yangu ya kujifunika, ukae umsaidie dada yako." Akina mama wakaanza kukunja majamvi.

Jioni, njiani kurudi, tulipita kibao cha Ruangwa. Nilikitazama kuliko siku nyingine. Kibao kinakuonyesha kwamba barabara ipo. Hakijawahi kumbeba mtu. Mikorosho ilipita dirishani nikawa naihesabu tena, kama nilivyoihesabu asubuhi, maana mtoto angeuliza.

Aliuliza kweli, usiku uo huo kwenye simu, kwa sauti nyembamba iliyochoshwa na dawa. "Baba, leo umehesabu nini?"

"Mikorosho, kutoka kwenye kibao mpaka mjini. Mia mbili na nne."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Kwenda na kurudi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Basi bado haijahesabiwa," akasema.