Mama Alipopepeta Oats

Kila asubuhi nikifungua kopo la oats hapa kwangu Misunkumilo namcheka mama, kisha nakumbuka kwamba hayupo, na kicheko kinakatika.

Alikuja kukaa kwangu alipotoka hospitali. Kwao ni Mpimbwe, amelima mpunga tangu akiwa msichana, na utotoni sikuwahi kumkuta kitandani jua limechomoza. Tulikuwa tukiamshwa na harufu ya uji wake wa mchele na karanga, tunazunguka sufuria wote, halafu ndiyo shamba. Natamani asubuhi zile hadi leo. Kwangu alilala kutwa akitazama ukuta. Muuguzi aliniambia waziwazi kwamba asipokula, dawa hazitamsaidia, akashauri uji wa oats, ile nafaka ya dukani iliyobanwa ikawa vipande bapa.

Nikapika kwa kufuata maelezo ya kwenye kopo, nikampelekea chumbani. Akaonja kijiko kimoja, akasema ameshiba. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, kama msimamizi wa mtihani, naye akafumba macho. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Lakini siku zile nilikuwa naogopa, maana mifupa ya mabega yake ilionekana hata chini ya kanga.

Siku ya nne nilikwenda bombani kuchota maji. Niliporudi nikamkuta uani, ameketi mkekani, ungo mikononi, anapepeta. Kopo lilikuwa tupu pembeni yake. Oats zilikuwa zinapeperuka na upepo, na kuku wa jirani wamejaa wanadonoa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusafishia," akajibu bila kuinua kichwa. "Nyie wa mjini mnauziwa makapi, mnanyamaza. Natafuta punje toka saa ile, sioni hata moja."

Nilimfokea. Nilimwambia hicho ndicho chakula chenyewe, na kwamba amewalisha kuku uji wake, mpaka jirani akachungulia. Katikati ya kufoka ndipo nikatambua kwamba alikuwa ametoka chumbani kwa miguu yake, bila kushikwa mkono na mtu. Niliona aibu, nikatua ndoo.

Yeye hata hakukasirika. Alitazama kilichobaki kwenye ungo, kama viganja viwili, akaniuliza huwa napikaje. Nikamwambia nachemsha maji, natia oats, namalizia na maziwa. Akaguna. Akataka karanga mbichi, kinu, na jiko la mkaa lisogezwe karibu yake.

Tukapika kama anavyopika uji wa mchele. Aliloweka oats kwanza. Mimi nikatwanga karanga, yeye akazikamua na maji ya uvuguvugu kwenye chujio, likatoka tui jeupe, zito. Makaa akayafunika majivu ili moto upungue, akatia chumvi kidogo, akakoroga bila kuuachia mwiko. Nilitaka kumpokea, akakataa. Uji ukawa mzito na laini, ukinukia nyumbani kwetu kabisa.

Akamimina kwenye bakuli moja, akaweka vijiko viwili.

"Kaa chini."

"Kula wewe, mama. Mimi nimeshakunywa chai."

"Kaa. Toka nimefika unaniletea chakula halafu unasimama. Kwetu hata mgonjwa hali peke yake, wewe umesahau lini?"

Nikakaa mkekani. Nilichota kijiko, naye akachota. Nikachota tena, akachota tena, na machozi yakaanza kunitoka bila mpango.

"Usililie uji," akasema, "chumvi nimeshatia."

Akaendelea kula. Alikula haraka kuliko mimi, akakwangua upande wake wa bakuli, kisha akahamia upande wangu. Kumbe siku zote zile mama alikuwa na njaa.