Yai la Mtihani wa Sabuni

Kwetu Kindu mtu hakuruhusiwa kugusa chungu cha sabuni ati kwa sababu tu anapenda sabuni. Aliyekuwa akifundisha wasichana wa mtaa wetu kuipika ni mama mkubwa wangu, dada yake mama, na masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya kuhitimu Kurani. Najua, maana Kurani nilikuwa nimekwisha kuihitimu, na chuoni nilikuwa nimepanda kwa wale wanaosoma vitabu vikubwa. Huko chuoni angalau hakuna aliyenilambisha majivu.

Majivu ndiyo yalikuwa mlango. Unafungwa kitambaa machoni, unapewa kulamba: haya ya maganda ya ndizi, haya ya matawi ya mchikichi, haya ya jikoni tu, ya kukutega. Ukikosea, kesho unarudi kulamba. Mimi nilikosea mpaka kila chakula nyumbani kikawa na ladha moja, hata asali. Ukifaulu majivu unaingia kwenye maji, yaani kuyapitisha maji katika kapu la majivu mpaka yatoke makali. Ukifaulu maji, moto. Na katikati ya hayo yote ilikuwa lazima usuke mkeka.

Mkeka una nini na sabuni? Swali hilo sikuuliza mimi. Mimi ni mtu wa haya, nikipiga chafya mbele ya watu naomba radhi mara mbili. Aliuliza mwenzangu. Tulikuwa wanafunzi wawili tu, mimi na msichana ambaye wazazi wake walihamia kutoka Tunda, na mdomo wake yeye haukuwa na mlango.

“Mama mukubwa, mimi nilikuja kujifunza sabuni. Mukeka njo wa nini?”

“Sabuni utaianika juu ya nini? Juu ya kichwa yako?”

“Lakini kwetu iko mikeka mingi.”

“Basi suka mwingine, ikuwe mingi zaidi.”

Tukasuka. Wangu ulipinda hivi kwamba ukiulalia unaamka miguu imeelekea kwa jirani.

Sharti la mwisho ndilo lililonitesa. Ili upewe chungu chako mwenyewe, ulitakiwa usimame mbele ya wanawake wa mtaa, utie yai katika maji yako ya majivu, kisha ueleze kwa mdomo wako kwa nini linaelea. Maji makali hulibeba yai, maji dhaifu huliacha lizame. Likitokeza kiasi cha ukucha wa kidole gumba, maji yameiva. Yote hayo niliyajua. Kuyasema mbele ya macho ya watu, hapo ndipo penye kazi. Na mama alikuwa amekwisha kuniambia: nikikosa chungu safari hii, napelekwa Kailo kwa shangazi nikamsaidie shamba. Shamba siliogopi. Nyumba ya shangazi imejaa watu, na wote, mkubwa kwa mdogo, wakikuona wanakuuliza, “Mbona husemi?” halafu wanakaa wanakutazama, wanangoja jibu.

Nikafanya mazoezi kwa mbuzi. Alisikiliza vizuri sana, kisha akala kipande cha mkeka wangu.

Mwenzangu hakuwa na wasiwasi. Siku zile wageni wa misafara walikuwa wanatumalizia mayai, lakini yeye alijipatia lake chini ya ghala, mahali kuku alipotaga akahama, na kila alipolijaribu lilielea. “Angalia! Maji yangu iko tayari!” Tangu hapo hakuhangaika tena na kapu la majivu. Mimi nachuja, natia yai, linazama. Nachuja tena, linazama. Yeye amekaa kando anatafuna muwa, ananitia moyo: “Bidii, dada, bidii.”

Siku ya mtihani wanawake walikuja na vigoda vyao. Mwenzangu alitangulia. Yai lake likakaa juu kabisa, nusu nzima nje, kama tajiri ndani ya mtumbwi. Vigelegele.

Mama mkubwa akakunja uso. “Makali sana haya. Yatachubua watu. Ongeza maji.”

Yakaongezwa. Yai halikujali.

“Ongeza tena.”

Yakaongezwa mpaka chungu kikakaribia kufurika. Yai linazunguka tu, limetulia.

“Majivu ya wapi haya?” akauliza jirani yetu muuza mawese.

“Ya kwetu Tunda,” mwenzangu akasema, ingawa maganda tuliyachoma pamoja nyuma ya jiko la mama mkubwa. Kisha akaanza kueleza. Alieleza nguvu za majivu, akaeleza tabia za mayai, akaeleza safari ya wazazi wake. Muuza mawese alikwisha kuagiza kapu zima la majivu ya Tunda.

Zamu yangu. Yai langu, lililotagwa asubuhi ile, likazama, likafikiri kidogo, likapanda, likatokeza ukucha. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini baada ya tajiri wa mtumbwi, nani angelitazama?

“Hata yai yake inaona haya!” muuza mawese akasema, wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega.

“Haya, mwanangu,” mama mkubwa akasema. “Eleza.”

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikaufunga, nikaufungua tena.

“Sauti iko wapi?”

“Imebaki nyumbani!”

“Muntu akiiona ailete!”

Kailo hiyo naiona. Ili nisitazamane nao nikainamia chungu cha mwenzangu, kama mtu anayechunguza jambo. Nikachovya kidole, nikalamba.

Maji. Maji matupu ya mtoni, ungeweza kupikia ugali. Na yai bado linaelea.

Basi kosa lilikuwa la yai. Limekaa kwenye joto siku nyingi, limejaa hewa mbaya, lingeelea popote. Nilitaka kuyasema hayo kwa utaratibu, mdomo ukagoma. Nikalichukua lile yai, nikaenda moja kwa moja kwenye mtungi wa wageni, nikalitumbukiza.

“Mutoto! Maji ya kunywa hayo!”

“Amepagawa!”

Mama mkubwa akachungulia mtungini. Yai linaelea vile vile. “Na humu njo kuna majivu ya Tunda?”

“Yai yangu!” Mwenzangu akalinyakua kwa nguvu, na nguvu zilizidi. Lilipasuka kiganjani mwake kwa mlio.

Harufu ile siielezi. Mbuzi mwenyewe aliondoka. Mwenzangu akakimbilia mtoni, mkono ameunyoosha mbele kama si wake. Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga, wakageuka wote, migongo kwangu, wengine wakavuka ua.

“LIMEOZA!” nikasema.

“Tumejua!” muuza mawese akajibu kutoka nyuma ya ua.

Mama mkubwa naye alikuwa amegeuka, pua ameibana, lakini masharti ni masharti. “Neno moja si maelezo. Endelea.”

Nikatazama. Hapakuwa na jicho hata moja. Migongo tu, na kanga. Nikaanza. Nikaeleza maji makali na maji dhaifu, nikaeleza kwa nini yai bichi linasema kweli na bovu linadanganya, nikaeleza ukucha wa kidole gumba. Sauti yangu ilikuwa nene kuliko nilivyodhani, nikaipenda. Nikaeleza hata mkeka.

“Tumeelewa!” wakapiga kelele kwa pamoja. “Mama, mupe chungu, twende tukapumue!”

“Bado,” nikasema, “sijafika kwenye moto.”

“Mupe!”

Mama mkubwa akakisukuma chungu kuelekea kwangu kwa mguu, bila kugeuka. “Chukua. Na unyamaze sasa.”

Nikachukua. Moto niliueleza wote njiani, nikielekea nyumbani, nimekikumbatia chungu.